Mdogo wangu aliacha dawa za sonona akabaki na virutubisho peke yake. Tuzungumze: kipi ni nyongeza ya kweli, kipi kinamaliza hela?

Mdau_wa_Mbagala (mleta uzi)

Habari za jioni wana jukwaa. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimekaa nao miezi kadhaa kwa sababu mhusika ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja, na sikutaka kuandika bila ruhusa yake. Juzi kanijibu: "Andika kaka, ila jina langu usitaje wala ninakofanya kazi." Basi naandika.

Mwaka jana alianza kubadilika. Mtu aliyekuwa wa kwanza kuamka nyumbani akawa halali usiku, mchana hatoki kitandani. Chakula anakigusa tu. Tukasema mawazo, tukasema kaachwa, mama akasema tumpeleke kwenye maombi, tukampeleka. Mwisho tukafika kliniki ya afya ya akili, daktari akasema ni sonona, akamwanzishia fluoksetini miligramu 20, kidonge kimoja kila asubuhi, na kumpangia kuonana na mshauri kila baada ya wiki mbili. Daktari alituambia mapema kwamba dawa hii haifanyi kazi siku ile ile, tusubiri wiki kadhaa. Wiki ya tano nilipita kwake nikamkuta anasukwa nywele uani na anacheka na msusi. Nilirudi kwenye bodaboda yangu nikakaa pale dakika kumi bila kuwasha pikipiki.

Halafu akatokea jirani anayeuza virutubisho. Simsemi kwa ubaya, nadhani aliamini alichokuwa anauza. Kampuni siitaji. Alimwambia dawa za hospitali zitamfanya teja wa vidonge maisha yake yote, na kwamba hizi ni za asili, zinatibu chanzo. Mdogo wangu akatoa shilingi laki tatu na arobaini za mchezo wa kina mama, akapewa makopo matano. Fluoksetini akaiweka kabatini.

Mwezi na kidogo baadaye simu yake ikawa haipokelewi. Nilifika saa saba mchana, chandarua bado kimeshushwa, wali wa jana kwenye sufuria umefunikwa na kanga. Akaniambia maneno ambayo kaka hataki kuyasikia, kwamba haoni sababu ya kuwepo. Jioni ile ile tulikuwa hospitali. (Ukisikia maneno hayo kwa mtu wako, usimwache peke yake na usisubiri Jumatatu. Mpeleke.)

Usiku nilirudi kumchukulia nguo. Makopo matano yamepangwa dirishani kama mapambo. Nikawasha tochi ya simu nikaanza kusoma lebo moja moja, na tangu siku hiyo sijaacha kusoma.

Nililolipata ni hili. Kuna virutubisho ambavyo watafiti wamevijaribu kwa wagonjwa wa sonona na vikasaidia. Lakini karibu ushahidi wote wenye nguvu unahusu virutubisho vinavyotolewa JUU YA dawa, mgonjwa akiwa anaendelea na dawa yake. Yule jirani hakudanganya kuhusu vidonge tu. Alichukua ushahidi wa nyongeza akauuza kama ushahidi wa mbadala.

Mwaka 2016 Jerome Sarris wa Australia na wenzake walikusanya majaribio 40 ya namna hiyo, virutubisho pamoja na dawa za sonona, wakachapisha kwenye jarida la madaktari wa akili wa Marekani. Vilivyotoka na matokeo mazuri ni vinne: mafuta ya samaki ya omega-3 (hasa aina ya EPA), SAMe, methilifoleti, na vitamini D. Zinki, foliki asidi ya kawaida, vitamini C na triptofani matokeo yalikuwa mchanganyiko. Inositoli haikuonyesha kitu.

Sasa nizungumzie mafuta ya samaki, maana ndiyo yaliyokuwa kwenye kopo kubwa kuliko yote. Mbele kimeandikwa kwa herufi kubwa "1000 mg". Mtu anaona elfu moja, anaridhika. Geuza kopo. Nyuma kwa herufi za sisimizi: EPA 180, DHA 120. Yaani ndani ya hiyo 1000, omega-3 yenyewe ni 300, na ile inayohusika zaidi na sonona ni 180 tu. Miongozo ya wataalamu wa lishe na afya ya akili inazungumzia gramu 1 hadi 2 za EPA kwa siku, kwa bidhaa ya EPA tupu au ambayo EPA ni zaidi ya mara mbili ya DHA. Piga hesabu: kufikia gramu moja kwa vidonge vile unahitaji vitano na nusu kila siku. Kopo la vidonge 60 haliishi wiki mbili. Mdogo wangu aliambiwa ameze kimoja.

SAMe ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza. Mwaka 2010 George Papakostas wa Boston na wenzake waliwachukua wagonjwa 73 ambao dawa ya kawaida ilikuwa haijawasaidia vya kutosha. Nusu wakaongezewa SAMe miligramu 800 mara mbili kwa siku, nusu plasibo, yaani kidonge kisicho na kitu ndani, na wote waliendelea na dawa zao. Baada ya wiki 6, waliopata nafuu kubwa ni asilimia 36 upande wa SAMe na asilimia 18 upande wa plasibo. Si kitu kidogo. Lakini soma tena: hata pale, zaidi ya nusu hawakupata nafuu hiyo. Na ni ghali. Na kwa mtu mwenye ugonjwa wa hisia mbili (ule wa kupanda na kushuka) inaweza kumrusha juu akapandwa na wazimu wa furaha.

Foleti nayo ina mafunzo yake. Foliki asidi ya kawaida, ile ya wajawazito, ilijaribiwa Wales kwa wagonjwa wapatao 475, miligramu 5 kila siku kwa wiki 12 juu ya dawa zao, matokeo yakatoka 2014: hakuna tofauti na plasibo. Methilifoleti, ambayo ni umbo linaloingia kwenye ubongo moja kwa moja, ilijaribiwa Marekani. Kipimo cha miligramu 7.5 hakikufanya kitu. Kipimo cha 15 kwa watu 75 kilisaidia asilimia 32, plasibo 15. Jina karibu lile lile, matokeo mbalimbali. Ndiyo maana mtu akikuambia tu "foleti inatibu sonona" muulize: foleti gani, kiasi gani, juu ya dawa gani?

Na kuchanganya vyote kwenye kidonge kimoja? Sarris huyo huyo alijaribu. Alitengeneza mchanganyiko wa omega-3, SAMe, zinki na vingine, akawapa watu kwa wiki 8, jumla ya washiriki 158, matokeo yakatoka 2019. Mchanganyiko haukuishinda plasibo. Namheshimu sana mtu huyu kwa kuchapisha hilo baada ya yale ya 2016. Kopo la "vyote ndani ya kimoja" lilikuwa la ghali kuliko yote pale dirishani.

Karibuni wenye uzoefu. Wataalamu nirekebisheni.

---

Mfamasia_Kanda_ya_Ziwa

Pole sana mkuu, na mpe pole mdogo wako. Umeandika vizuri. Nipo kwenye dirisha la dawa miaka kumi na moja, niongeze upande ambao watu hawauulizi: virutubisho kugongana na dawa.

Kwanza walio kwenye ARV, maana sonona na VVU mara nyingi vinatembea pamoja. Wengi sasa wanatumia kidonge chenye dolutegraviri. Kalsiamu, madini ya chuma, zinki na magnesi vikikutana nayo tumboni huishika, isiingie mwilini vizuri. Kanuni ni kumeza ARV saa 2 kabla ya kirutubisho chenye madini hayo, au saa 6 baada yake. Kalsiamu na chuma unaweza kumeza pamoja na ARV kama ni wakati huo huo unakula, ila si tumbo tupu. Dawa za vidonda vya tumbo zenye magnesi na alumini hazina msamaha huo, tenga saa. Nimekutana na mama ambaye wingi wa virusi ulianza kupanda, tukahangaika naye kuhusu ufuasi, kumbe kila asubuhi anameza ARV na kidonge cha madini kwa glasi moja ya maji, tumbo tupu. Alikuwa anafuata dawa vizuri kuliko wengi.

Pili, mmea unaoitwa St John's wort. Unauzwa mitandaoni kama "dawa asilia ya huzuni", na kwa sonona ya wastani kweli una tafiti zake. Lakini unaharakisha ini kuvunja dawa nyingine: ARV, vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, dawa za kuzuia damu kuganda. Ukichanganywa na fluoksetini, serotonini (kemikali ya ubongo ambayo dawa hizi huipandisha) inaweza kupanda kupita kiasi: jasho, mtetemeko, moyo kwenda mbio, joto kali, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura. 5-HTP na triptofani zina hatari ya namna hiyo hiyo zikiwekwa juu ya dawa za sonona bila daktari kujua.

Tatu, foliki asidi miligramu 5 kwa mjamzito anayekunywa SP ya kuzuia malaria. Kipimo hicho kikubwa kinapunguza nguvu ya SP. Ya kliniki inayoshauriwa ni 0.4. Kwa hiyo mjamzito mwenye huzuni asijiongezee foliki ya dukani kwa kusoma mtandaoni.

Mkuu, swali moja. Walimpima damu?

---

Mdau_wa_Mbagala

@Mfamasia_Kanda_ya_Ziwa Umegusa penyewe. Nilitaka kulileta mwishoni lakini acha nilimwage sasa.

Mara ya kwanza hawakumpima, ni kliniki ya nje yenye foleni, simlaumu mtu. Safari hii alipolazwa walipima. Damu (himoglobini) 7.8, pungufu sana. Mdogo wangu ana uvimbe kwenye kizazi, siku zake ni nyingi na nzito, na hakuwahi kumwambia daktari wa akili kwa sababu aliona hayahusiani. Uchovu, kuishiwa pumzi akipanda ngazi, kichwa kizito, kushindwa kufikiri: sehemu ya hayo yote ilikuwa damu.

Nikarudi kwenye yale makopo. Manne kati ya matano hayana chuma hata kidogo. Moja linacho, kiasi cha mtu mzima asiye na tatizo, hakiwezi kumtoa mtu kwenye 7.8. Wakati vidonge vya FEFO (chuma na foliki), vile kina mama wanavyopewa bure kliniki, vinauzwa duka la dawa kwa hela ya daladala. Laki tatu na arobaini, na kirutubisho alichokuwa anakihitaji kweli hakikuwemo kwa kiasi cha kumsaidia.

---

Shangazi_wa_Nakuru

Hamjambo nyote. Mdau, pole kwa hayo yote, na Mungu amwinue dada yetu. Huku kwetu tunasema unyogovu, lakini ni jambo lile lile.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mama yangu ana miaka 74 na sukari, metfomini ameitumia zaidi ya miaka kumi. Mwaka uliopita akawa mtu wa kulia tu. Kusahau, miguu kuwasha na kufa ganzi, hataki kanisa. Daktari kijana kwenye zahanati yetu akasema kabla hatujaandika dawa ya unyogovu hebu tupime B12. Ikawa chini sana. Alieleza kwamba metfomini ikitumika miaka mingi huzuia mwili kufyonza B12. Akaanza sindano. Sitasema ilikuwa muujiza, alihitaji pia dawa ya unyogovu na bado anaitumia. Lakini ganzi ilipungua, na Pasaka akaomba apelekwe kanisani mwenyewe.

Wenye wazazi wa sukari, ulizeni hilo. Na kuna watu walio kwenye dawa za kifafa, nazo nyingine hushusha foleti. Huyo naye asijipe foliki nyingi peke yake kwa sababu inaweza kushusha kiwango cha fenitoini na kifafa kikarudi.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Wana jukwaa, mimi ni muuzaji wa virutubisho, tena nimefanya kazi hii miaka sita na imenisomeshea watoto. Nimesoma uzi wote, roho imeniuma kwa ajili ya dada huyo. Lakini msituweke wote kwenye kapu moja. Nina wateja waliokuja wamekata tamaa, baada ya miezi miwili wanatabasamu. Mimi mwenyewe nimeona kwa macho. Hospitali nako watu wanapewa dawa dakika tatu bila kuulizwa wanakula nini. Mtu akija kwangu namsikiliza saa nzima. Je, huyo aliyepata nafuu nimwambie hajapata?

---

Mdau_wa_Mbagala

@Nuru_ya_Asubuhi Asante kwa kuja, dada yangu. Ungeweza kupita kimya.

Usimwambie hajapata nafuu. Amepata. Swali ni nini kilichompa. Kwenye majaribio ya sonona, watu wanaopewa plasibo nao wengi hupata nafuu, na si kwamba walikuwa wanaigiza. Wanaonwa kila wiki, wanaulizwa, wana tumaini, na sonona yenyewe ina vipindi vya kupanda na kushuka. Ile saa nzima unayomsikiliza mteja ni tiba. Nasema kwa dhati. Zimbabwe walifundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakazungumza nao kwa utaratibu, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili zilipungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Hawakuwapa kopo.

Ninachokuomba wewe na wenzako ni maneno mawili tu kwa mteja: "Usiache dawa." Mdogo wangu angeyasikia hayo mawili, angepoteza hela tu.

---

Nuru_ya_Asubuhi

Nimeelewa. Kwenye semina hatufundishwi hivyo, tunafundishwa kusema "dawa zina kemikali". Nitalisema kwenye kikundi chetu Jumamosi.

---

Binti_wa_Pemba

Assalaam aleikum. Mimi nauliza kuhusu zafarani. Kwetu zafarani ni ya biriani na ya kombe, maalim anaandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, inaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Bibi yangu alikuwa anasema zafarani inafungua kifua. Sasa nimeona watu wanauza vidonge vya zafarani vya sonona, wanasema Wairani wamethibitisha. Kuna ukweli?

---

Mfamasia_Kanda_ya_Ziwa

Waaleikum salaam dada. Ukweli upo. Watafiti wa Tehran wamefanya majaribio mengi, kipimo cha kawaida ni miligramu 30 kwa siku, na matokeo kwa sonona nyepesi na ya wastani yanavutia, peke yake na juu ya dawa. Udhaifu wake ni kwamba majaribio mengi ni madogo, ya wiki chache, na mengi yametoka nchi ile ile. Natamani yarudiwe kwingine kwa watu wengi.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Zafarani ni kiungo ghali mno, kwa hiyo ya kughushi ni nyingi: manyuzi ya mahindi au maua mengine yaliyotiwa rangi. Tia nyuzi mbili kwenye maji ya uvuguvugu. Ya kweli inatoa rangi ya dhahabu polepole na nyuzi inabaki nyekundu, ya bandia inamwaga rangi mara moja na kupauka. Pili, kipimo cha chakula hakina neno, ila gramu kadhaa kwa mkupuo ni sumu, na mjamzito asiicheze kama dawa.

Kuhusu kombe siwezi kusema kama mfamasia. Ila mgonjwa akinywa kombe na kumeza dawa yake, mimi sina ugomvi naye. Nimewaona wengi wakifanya vyote na wakaendelea vizuri.

---

Mtanga_wa_Oslo

Ndugu zangu, niko Norway mwaka wa tisa. Huku Desemba jua linachomoza saa tatu asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limekwisha zama, na sisi weusi ngozi yetu inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D ile ile. Daktari wangu alinipima mwaka wa pili, nikakutwa chini kabisa, nikapewa. Maumivu ya mifupa na uchovu vilipungua. Huzuni ya majira ya baridi haikuondoka kwa vitamini, iliondoka nilipoanza dawa na kutembea nje mchana kila siku hata kwenye theluji.

Nawatahadharisha walioko nyumbani wanaotumiwa vitamini D na ndugu wa Ulaya. Kule Marekani kuna utafiti mkubwa wa watu 18,353 wenye miaka 50 na zaidi wasio na sonona, walipewa vitamini D ya IU 2000 (vipimo vya kimataifa) kwa siku au plasibo kwa zaidi ya miaka mitano. Haikuzuia sonona. Watu hao hao walijaribiwa na omega-3 gramu moja, nayo haikuzuia, tena upande wa omega-3 waliopata sonona walizidi kidogo. Ulaya nako walifanya kwa watu 1025 wenye uzito mkubwa, Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na Hispania, kidonge cha mchanganyiko mwaka mzima, hakuna kitu. Kwa hiyo kumpa mtu mzima asiye na upungufu ili "asipate sonona" ni kupoteza. Aliyepungukiwa ndiye apewe.

Na vitamini D haitoki kwa mkojo kama C. Ukizidisha miezi mingi kalsiamu inapanda kwenye damu, figo zinaumia.

---

Kijana_wa_Feri

Mimi si msomi, nauza samaki. Nauliza tu: kama ni mafuta ya samaki, kwa nini asile samaki?

---

Mdau_wa_Mbagala

@Kijana_wa_Feri Swali lako ndilo nililotakiwa kuanza nalo, mkuu. Samaki wenye mafuta ndio wenye omega-3 nyingi, na bahati nzuri kwetu ndio wa bei nafuu: vibua, samaki simu, dagaa. Changu na kolekole ni watamu lakini mafuta yao ni kidogo. Omega-3 huharibika kwa joto kali, na kukaanga hadi samaki akauke kwenye mafuta yaliyotumika mara nne unamtoa kilichokuwa ndani. Mchuzi wa nazi au wa kupaka ni bora.

Siwezi kusema vibua viwili kwa wiki vitafikisha kipimo cha gramu moja ya EPA kila siku, havifikishi. Lakini chakula kizima kina utafiti wake. Australia, mwaka 2017, Felice Jacka na wenzake waliwachukua watu 67 wenye sonona waliokuwa wanakula vibaya, wengi wao tayari wako kwenye tiba. Nusu walisaidiwa na mtaalamu wa lishe kubadili chakula kwa wiki 12: mboga, kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa, karanga, mafuta ya zeituni. Nusu walipewa mtu wa kuzungumza nao tu. Waliopona kabisa ni asilimia 32 upande wa chakula, 8 upande wa mazungumzo. Watu ni wachache, na mtu huwezi kumficha kwamba anakula mchicha, kwa hiyo matumaini yamo ndani. Hata hivyo ukiitazama orodha ile, ondoa zeituni, ni sahani ya bibi: ugali wa dona, maharage, matembele, dagaa, karanga. Na foleti ya kwenye mchicha na maharage haina lebo ya sisimizi.

---

Kijana_wa_Feri

Basi mwambie dada vibua vya Jumamosi vipo, ukija uliza kijana wa meza ya kona.

---

Shangazi_wa_Nakuru

Mdau, hujatuambia dada anaendeleaje.

---

Mdau_wa_Mbagala (wiki tatu baadaye)

Samahani kwa kimya, shangazi. Alitoka wodini baada ya siku kumi na mbili. Alirudishiwa fluoksetini, ikaongezwa baadaye. Chuma anameza siku moja aruke moja, daktari alisema akimeza hivyo kinafyonzwa vizuri na tumbo halimsumbui sana, na anakimeza kwa maji ya ndimu badala ya chai ya rangi, maana chai inazuia chuma. Wiki hii damu imefika 10.4. Daktari wa kina mama atamwona kuhusu ule uvimbe.

Nilimpelekea daktari wa akili makopo yote matano kwenye mfuko wa rambo. Nilitegemea atayatupa. Aliyapanga mezani, akavaa miwani, akasoma lebo zote kimya. Mawili akayaweka pembeni, moja kwa sababu lina 5-HTP na mdogo wangu yuko kwenye fluoksetini, lingine kwa sababu halina jina la mtengenezaji wala namba ya toleo. Mafuta ya samaki akasema amalize tu kama anataka, hayana madhara kwake kwa kuwa hatumii dawa za kuzuia damu kuganda, ila asinunue mengine kwa hela ya mchezo. Kisha akamwambia mdogo wangu: "Siku nyingine ukinunua chochote, njoo nacho hapa kabla hujakifungua. Sitakugombeza." Mdogo wangu akaanza kulia pale pale. Nadhani alikuwa amebeba aibu ile kuliko nilivyojua.

Kuhusu lini ataacha dawa, daktari kasema akishapona vizuri ataendelea nayo miezi 9 hadi 12 ndipo waanze kupunguza kidogo kidogo, wakiwa pamoja. Kliniki yake inayofuata ni Alhamisi. Mimi ndiye wa kumpeleka, na Jumamosi nitapita Feri.